Gari la Dodoma huzeeshwa na vumbi, si kilometa

Chukua kitambaa cheupe, fungua boneti, achia vibanio vya boksi la filta ya hewa, ile ambayo mafundi wengi huiita klina, kisha itoe. Usiishughulikie filta kwanza. Pangusa ndani ya boksi upande wa pili, ule ambao hewa imeshachujwa na inaelekea kwenye injini. Kitambaa kikitoka cheupe, funga boksi uendelee na shughuli zako. Kikitoka na rangi ya udongo wa Nzuguni, hapa hapa Dodoma, gari lako limekuwa likila mchanga, na hakuna oili ya bei yoyote itakayoliokoa mpaka uzibe njia hiyo.

Wenye magari wengi huhesabu matunzo kwa kilometa: elfu tano oili, elfu arobaini filta ya hewa, na kadhalika. Kuhesabu hivyo kwa kilometa kumetoka kwenye vitabu vya magari, na vitabu hivyo, hasa vya IST, Passo, Vitz na Premio zetu zilizoshuka kutoka Japani, vinafikiria barabara ya lami na hewa safi. Ukivisoma vizuri utakuta mahali pengine vinataja mazingira magumu: vumbi, joto kali, safari fupi fupi, mizigo mizito. Kwa gari la namna hiyo muda wa kubadilisha vitu hupunguzwa, mara nyingi kwa nusu. Sasa angalia Dodoma. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au pungufu ya hapo, na baada ya hapo ni ukavu hadi mwisho wa mwaka, na ile miezi ya katikati upepo hauna huruma. Ukishuka lami kuingia Nkuhungu, Miyuji au Iyumbu, mita mia tatu tu, umeshaoga vumbi. Gari linalotembea kilometa elfu sita kwa mwaka kati ya nyumbani na Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, linaweza kuwa limevuta vumbi jingi kuliko lile linalokwenda Morogoro na kurudi kila wiki. Odomita haihesabu vumbi.

Kwa nini filta ya hewa ije kwanza? Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika inaweza kuvuta hadi lita 1,800 hivi za hewa kila dakika. Vumbi letu lina chembe nyingi za mchanga laini, na chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili zinakuwa msasa wa maji maji unaosugua ringi na kuta za silinda usiku na mchana. Hutasikia kitu kwa miezi. Baadaye gari linaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka asubuhi, nguvu inapungua, na fundi anakwambia injini imechoka. Injini haikuchoka, ilisagwa.

Kosa la kwanza ni kutobadilisha filta. La pili, ambalo linafanywa na watu wanaojali magari yao, ni kuipuliza kila wiki. Kompresa ya gereji ina upepo wa psi mia moja na zaidi. Ukiielekeza kwenye karatasi ya filta kwa karibu, unapanua vitundu vyake au kuipasua kwenye mikunjo mahali usipopaona. Halafu kila ukifungua boksi, vumbi lililokaa pembeni linadondokea upande safi. Kuna jambo wengi hawaliamini: filta ya karatasi yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kabisa, kwa sababu chembe zilizonasa zinasaidia kunasa nyingine. Iache ifanye kazi. Ikague kila unapomwaga oili. Ukiwa lazima uipulize, upepo usizidi psi 30, bomba likae mbali kiasi cha kiganja, na upulize kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume na njia ya hewa. Kisha iinue juani au washa tochi nyuma yake: mwanga upite sawasawa. Ukiona nukta inayong'aa kuliko pengine, hapo pametoboka, tupa. Ukiona giza, tupa pia. Usiioshe kwa maji wala petroli hata kama jirani yako anafanya hivyo. Kwa anayeishi kwenye njia ya vumbi Dodoma, kilometa elfu kumi hadi kumi na tano ni umri wa kutosha kwa filta ya karatasi.

Filta mpya nayo haiaminiki kwa sababu tu imetoka kwenye plastiki. Zile za bei ya chini kabisa zina mpira mwembamba pembeni, hazikai sawa kwenye boksi, na vumbi linapita pembezoni bila kugusa karatasi. Kipimo chake ni rahisi: paka grisi nyembamba sana kuzunguka ukingo wa boksi, weka filta, funga vibanio vyote, kisha fungua tena. Alama ya grisi kwenye mpira wa filta iwe mstari usiokatika. Ukikatika, hapo ndipo mchanga unapopita. Angalia na mpira mnene unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini, ukunjekunje kwa mkono. Jua la huku huukausha ukapasuka kwenye mikunjo, na klempu zake hulegea.

Kwenye rejeta, jambo la kwanza ni kuangalia mbele yake. Magari mengi yenye kiyoyozi yana kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi, mbele na rejeta ya injini nyuma, na kati yake kuna nafasi ndogo ambayo hujaa vumbi, mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na manyoya. Kwa mbele unaona pasafi kabisa. Ukimulika tochi kwa juu kati ya hizo mbili ndipo unapoona blanketi. Hewa haipiti, na gari linalotulia vizuri likitembea kasi linaanza kupanda joto kwenye foleni au mlimani. Osha kwa bomba la kawaida la maji, kutoka upande wa injini kwenda mbele, injini ikiwa imepoa. Mashine ya presha ya mahali pa kuoshea magari hulaza vile vijani vyembamba vya alumini, na vikilala hewa haipiti tena. Na wakikuuliza kama waoshe na injini, waambie wafute kwa kitambaa chenye unyevu. Alternata, plagi na soketi za nyaya hazihitaji kuogeshwa.

Halafu maji. Birika la nyumbani likichemsha maji ya kisima kwa mwezi mmoja, ndani linafanya gamba jeupe. Visima vingi vya huku vina maji yenye chumvi chumvi ya ardhini, na maji hayo hayo ukiyatia kwenye rejeta yanafanya gamba hilo hilo ndani ya njia nyembamba za rejeta na kuzunguka silinda, mahali ambapo huwezi kusugua kwa mchanga. Gamba linazuia joto kutoka, na maji matupu yanaleta kutu kwenye pampu. Wengine husema kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi kali, Dodoma haina barafu. Ni kweli haina barafu. Lakini kulanti pia inapandisha kiwango cha kuchemka na ina dawa ya kuzuia kutu, na hapa tunavihitaji vyote viwili. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Nunua kulanti iliyokwisha changanywa, au ile nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotonezwa, yale ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, isije ikawa asidi ya betri. Rangi isikudanganye: nyekundu ya kampuni hii na nyekundu ya ile si kitu kimoja, na nyingine ni maji yaliyotiwa rangi tu. Kulanti yenyewe huteleza kidogo vidoleni. Usiionje kamwe, ni sumu, na uiweke mbali na watoto na mbwa kwa sababu ina utamu.

Ukibadilisha, toa hewa. Injini ikiwa imepoa, egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu, kisha washa injini na uiache ikiunguruma. Maji yatashuka mapovu yakitoka; ongeza. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, jaza hadi shingoni, funga, na weka chupa ya akiba kati ya alama ya chini na ya juu. Kesho yake asubuhi angalia tena.

Kifuniko chenyewe ndicho kipuri cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Kimeandikwa namba juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1, ambayo ni presha kinayoishikilia. Presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke hata yakipita nyuzi mia. Mpira wake ukikakamaa au springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba, na hapo watu huanza kubadilisha pampu na rejeta. Badilisha kwa namba ile ile. Kuweka 1.1 mahali pa 0.9 ili "kuongeza nguvu" ni kupasua mipira.

Kuhusu thamostati, kile kizibo kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto, kuna fundi atakayekwambia aitoe kwa sababu huku ni joto. Mkatalie kwa adabu. Injini nyingi hizi ndogo za Toyota zimepangwa thamostati ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili inachafuka, na kwenye baadhi ya injini mzunguko wa maji unaharibika kiasi kwamba linachemsha zaidi. Thamostati iliyokufa hubadilishwa.

Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu ya baridi na taa nyekundu ya hatari, basi. Taa nyekundu ikiwaka, hujabakiwa na dakika za kufikiria. Na kuna hali mbaya zaidi: mpira ukipasuka na maji yote yakatoka, ile sensa inabaki kwenye hewa badala ya maji, na inaweza isiwashe taa wakati injini inaungua. Ndiyo maana dalili nyingine ni za kushika akilini: hita inayotoa baridi ghafla, harufu tamu tamu, gari kupoteza nguvu kwenye kimlima ambacho jana lilipanda bila shida. Zima kiyoyozi, fungua hita yote, tafuta pa kuegesha, zima injini. Usiguse kifuniko kwa nusu saa angalau, hata kama abiria wana haraka. Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka ndiko kunakopinda silinda hedi na kuua gasketi, na bili ya gasketi ni kubwa kuliko bili ya kulala Gairo, njiani kwenda Morogoro.

Oili nitaipitia haraka kwa kuwa ndiyo inayoangaliwa na kila mtu. Injini za 1NZ na 2NZ zilizomo kwenye IST na ndugu zake huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Dumu ni lita 4, na fundi hupenda kulimaliza. Mwambie aache, kisha pima kwa kijiti gari likiwa sehemu tambarare. Na ule ushauri wa kuweka oili nzito ya 20W-50 kwa sababu "Dodoma kuna joto" uachie malori ya zamani. Injini ya VVT-i, yaani yenye vali zinazopangwa kwa presha ya oili, ina njia nyembamba za oili, na 5W-30 ndiyo iliyotengenezewa, labda kama imeshasagwa na unanunua muda.

Matairi ni habari nyingine ndefu. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Kila nyuzi kumi za joto huongeza psi moja na nusu hivi, kwa hiyo tairi lililopimwa saa nane mchana sheli baada ya safari litaonekana limezidi. Usilipunguze. Ukilipunguza, kesho asubuhi litakuwa chini, na tairi lililo chini hujikunja ubavuni kila mzunguko, linachemka kwa ndani, na ndilo linalopasuka kati ya Kibaigwa na Pandambili likiwa limebeba gunia mbili za mahindi ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Ubavuni pana namba nne ndani ya kiduara cha yai: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba hununuliwa kwa kuangalia kashata, yaani mikato ya tairi, peke yake, huku mpira ukiwa umekwisha kufa kwa umri. Jua la hapa huongeza nyufa nyembamba ubavuni. Bonyeza kwa kidole gumba, zikifunguka kama kiganja cha mkulima, kashata haikusaidii. Baada ya miaka sita kagua kila mwezi. Baada ya kumi, hata lile la akiba ambalo halijawahi kugusa lami, toa.

Miiba ya migunga haina ujanja zaidi ya kuiona. Ukikuta mwiba umezama kwenye tairi lisilo na tyubu na upepo haujashuka, usiung'oe njiani. Uende nao hivyo hivyo taratibu mpaka kwa fundi pancha. Tairi likifunguliwa na kufungwa, nati zikazwe kwa msalaba, na zikazwe tena baada ya kilometa hamsini hadi mia, hasa kama unaingia barabara za vumbi za Bahi au Chemba. Yale mawimbi ya changarawe hutikisa kila kitu kilichofungwa kwa nati. Kuna madereva wanaokimbia themanini juu yake ili gari "lielee". Linaelea kweli, na kitu kinachoelea hakishiki breki wala kona.

Ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi, subiri. Washa taa za kawaida, siyo ful, kwa sababu ful inarudi machoni, weka hewa ya ndani izunguke, na kaa nyuma mpaka uione barabara. Kuovateki ndani ya wingu ni kubahatisha maisha ya watu wa upande wa pili, ambao nao wanaweza kuwa wamekuona wewe kama wingu tu.

Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, kuna kazi moja ambayo karibu kila mtu huisahau. Gari linaloegeshwa chini ya mwarobaini, na Dodoma miarobaini ndiyo kivuli chetu, hupokea majani makavu mwaka mzima. Yanaingia kwenye zile tundu za plastiki chini ya waipa. Humo kuna njia za kutolea maji, moja kila upande, na majani yakioza kidogo yanaziba kama kizibo. Mvua ya kwanza kubwa inapiga, maji yanajaa humo kama beseni, kisha yanatafuta njia kupitia tundu la feni ya hewa ya ndani, yanaloanisha filta ya kabini nyuma ya kijidroo cha abiria, yanashuka kwenye kapeti na nyaya. Watu hulaumu mpira wa kioo. Toa majani kwa mkono, mimina lita mbili za maji taratibu, na chungulia chini ya gari: yatoke pande zote mbili bila kusita. Siku hiyo hiyo badilisha mipira ya waipa iliyokaushwa na jua. Na kioo chenye vumbi kisipanguswe kikavu kamwe. Maji kwanza, waipa baadaye, la sivyo utaona mikwaruzo yote usiku taa za mwenzako zikikuelekea.

Mvua zikishaanza, makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu toka Mei hujaa kwa dakika chache, mara nyingi kwa mvua iliyonyesha kilimani ambako hukuiona. Maji ya kahawia hayaoneshi kina wala kama barabara bado ipo chini yake. Egesha sehemu ya juu, zima, subiri. Korongo linalojaa haraka kwa kawaida hupungua haraka vilevile. Kwa gari dogo, maji yanayokaribia nusu ya tairi tayari ni mengi, hasa yakiwa na mwendo. Na kama umeshaingia na injini ikazimika yenyewe katikati, usipige stata hata mara moja. Injini hubana hewa, haiwezi kubana maji: pistoni ikikutana na maji yaliyopanda kupitia boksi lile lile la filta, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Lisukumwe litoke, plagi zitolewe zote, fundi azungushe injini kwa mkono kwanza ili maji yaruke nje kupitia kwenye tundu za plagi, aangalie kijiti cha oili kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa imegeuka, inamwagwa pamoja na filta yake kabla ya kitu kingine chochote.